Meneja Nje ya Ofisi Yake

Mama mmoja katika wasomaji wetu aliniletea ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne. Mlikuwa na picha ya meneja mkuu wa kampuni moja ya Meru, Mwislamu wa miaka arubaini na kitu, pamoja na habari za maisha yake binafsi: huamka alfajiri, akisha kuswali hukimbia, hupenda samaki wa kupaka, Jumamosi hucheza gofu. Bwana huyo alikuwa ameleta posa kwa binti yake. "Shehe, mtu nimekwisha mjua," akaniambia. "Limebaki suala la mahari tu."

Nilikuwa na safari ya darsa Embu na Meru. Nikamwomba anisubiri majuma mawili.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.). Umar akamwuliza: Je, wewe ni jirani yake? Umesafiri naye? Mmewahi kupeana dinari na dirhamu? Yote akajibu hapana. Basi labda umemwona msikitini akiinama na kuinuka? Akasema naam. Umar akamwambia kuwa humjui. Nami nilipousoma tena ukurasa ule sikuona jirani, wala safari, wala dirhamu.

Wapo wakubwa wa kampuni waliojifunua wenyewe. Marehemu Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana aliyeiongoza Safaricom tangu mwaka 2010 hadi alipofariki Julai 2019, aliitangaza mali yake hadharani mwaka 2015, na baadaye akaeleza kwa kinywa chake kwamba anaugua saratani ya damu. Hakuwa wa dini yetu, na mapenzi yake ya muziki wa jazi siyajadili hapa. Lakini mwenye cheo kutaja hesabu zake na udhaifu wake bila kushurutishwa ni jambo zito.

Najua msomaji ataniuliza: Je, huko si kupeleleza, nako kumekatazwa katika Suratul Hujurat? Kumekatazwa, naam. Lakini Bi Fatima binti Qays (r.a.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kutaka shauri kwa Mtume (s.a.w.), naye akamweleza waziwazi kwamba mmoja hana mali na wa pili fimbo haishuki begani mwake, akamshauri aolewe na Usama. Anayetakwa shauri ameaminiwa. Mpaka ni kuuliza kinachohusu ndoa, kisha kukoma.

Embu nilikaa siku mbili. Wenyeji wangu ni wakulima wa majani chai, nao walinichekesha. Viwanda kama Rukuriri na Mungania vina wakulima wenyewe kuwa wenye hisa, na wakurugenzi huchaguliwa na wakulima. "Mkurugenzi wetu hatuhitaji kumsoma gazetini," mzee mmoja akasema. "Tunalijua shamba lake, na tunajua kama anawalipa wachumaji wake." Meneja wa kuajiriwa, kama huyu wetu, hana majirani wa namna hiyo. Nyumba yake ina ukuta.

Nikapanda gari kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru. Imamu akanisifia safu ya kwanza. Bawabu wa kampuni akaniambia kwamba bosi humwita kwa jina, na mkewe alipojifungua alimpa ruhusa bila kumkata mshahara. Mama auzaye chai langoni akasema hulipa papo hapo, hana daftari la deni. Moyo wangu ukatulia. Ndipo dereva, bila hata kuulizwa, akaniambia kwamba kila mwisho wa mwezi humpeleka Embu, kwenye nyumba moja, na unga na sare za shule. Simsifu dereva kwa ulimi wake, lakini nilikuwa nimekwisha sikia.

Nyumba ile ningeweza kuiulizia nikirudi. Sikufanya hivyo, kwani hapo ndipo mpaka ulipo. Nilimwendea mwenyewe ofisini nikamweleza nilichosikia na aliyenituma. Alinyamaza kitambo. "Shehe wangu, ni wanangu watatu. Mama yao tuliachana kwa talaka, na matumizi yao sijawahi kuyachelewesha." Mbona hukusema? "Gazeti halikuniuliza. Na ukweni niliogopa."

Nilimwambia kwamba kuwalisha wanawe ni wajibu wake na pia ni sifa yake. Kuwaficha ndiko kutakakomharibia. Amweleze mama mwenyewe kabla ya Ijumaa, la sivyo nitamweleza mimi, kwa kuwa nimetumwa.

Usiku wa Alhamisi mama akanipigia simu. Alikuwa ameambiwa yote, hata majina na umri wa wale watoto, naye alikuwa amekasirika. Alinilaumu mimi, akalilaumu gazeti, akamlaumu na mumewe, marehemu, kwa kumwachia mizigo kama hii. Kisha akasema kwamba binti, ambaye majuma yote hayo hakuna aliyekuwa amemwuliza neno, wala mimi, ameomba jambo moja: kwamba kabla ya kuijibu posa apelekwe Embu awaone wale watoto, na kama mama yao ataridhia, akae naye saa moja.

Wanaondoka baada ya Idi. Nimeombwa kuwasindikiza.