Kunasa Sauti katika Uwanda wa Wamakonde

Watu wengi hudhani ya kuwa kunasa sauti ni kazi ya mashine. Mashine hufunguliwa, mtu huimba, mashine hufungwa, na kazi imekwisha. Walakini nusu ya kazi hiyo hufanywa kwa kalamu na karatasi, na kwa mazungumzo ya taratibu pamoja na wenye nyimbo. Makala haya yakusudia kueleza jambo hilo kwa mifano ya Newala na Masasi, kwa sababu pande hizo zilifikiwa mapema na mashine za sauti kuliko wengi wadhanivyo.

Mwaka wa 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig huko Ujerumani, alishuka Lindi, akaenda bara hata Masasi, Chingulungulu na Newala. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijazimika kabisa, na kituo cha misheni cha Masasi kilikuwa kimeharibiwa mwaka wa 1905. Katika mizigo ya wapagazi wake zilikuwamo fonografu na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo za wenyeji na za wapagazi, akazipiga ngoma zao picha za sinema. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Alice Werner, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wamjua vema.

Fonografu ya siku zile haikutumia umeme. Mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa. Mtikisiko wa sauti yake ulitikisa kiwambo chembamba, na sindano iliyoshikamana na kiwambo ikachora mfuo katika silinda ya nta iliyokuwa ikizunguka. Sindano ilipopitishwa tena katika mfuo ule, sauti ilirudi. Silinda moja ilichukua dakika mbili au zaidi kidogo, basi. Nta hulainika kwa joto, huota ukungu kwa unyevu, na kila isikilizwapo hulika kidogo.

Yafaa msomaji ayapime mambo hayo, maana mashine ilichagua kitu cha kuhifadhi kabla mtu hajachagua. Ngoma ya usiku kucha ilikatwa ikawa ya dakika mbili. Mlio mzito wa ngoma kubwa ulififia, na waitikiaji waliosimama mbali na pembe walisikika kama mnong'ono. Mtu mmoja aliyeimba karibu ndiye aliyenaswa vizuri. Basi anayesikiliza silinda za zamani asiseme kuwa muziki wa watu wale ulikuwa wa mtu mmoja mmoja. Aseme tu kuwa pembe ile haikuweza kumeza umati.

Tena kuna jambo la hiari. Mtu aliyeimba mbele ya mgeni wa serikali ya Kijerumani, wakati moshi wa vita ungali hewani, je, aliweza kukataa? Mfuo wa nta hauwezi kutujibu. Hautuambii pia kama aliimba wimbo wenyewe, au aliimba ule uliomfaa mgeni. Haya hayaondoi thamani ya silinda hizo. Hazina ya Berlin ya sauti za kale, iliyoanzishwa mwaka wa 1900 na kukusanya silinda kutoka pande nyingi za dunia, iliingizwa na UNESCO mwaka wa 1999 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Lakini sauti ikitenganishwa na jina, mahali na sababu yake, hubaki kama barua isiyo na anwani.

Baada ya vita vya pili vya dunia ulikuja utepe wa sumaku, na kwa utepe huo mtu aliweza kunasa kwa muda mrefu, na kufuta, na kuanza upya. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka wa 1951, na kutokana na kazi hiyo, na ile ya Radio Tanzania iliyofuata, nyimbo nyingi za nchi zilihifadhiwa katika tepu. Sindimba ya Wamakonde ikajulikana mbali na kwao. Hata hivyo ngoma ikihamia studioni au jukwaani hufupishwa, nayo hupokonywa uwanja wake: vumbi, vigelegele, mzaha wa wazee, na mtoto alilialo mgongoni mwa mama anayecheza. Kwa mtafiti hayo si makelele ya kuondolewa. Hayo ndiyo yanayoonyesha ngoma ilikuwa ya nani na ilichezwa kwa nini.

Kwa hiyo anayekwenda Mnyambe, Kitangari au Mkunya kunasa muziki, na anase pia sauti za kila siku. Uwanda wa Wamakonde una udongo wa kichanga unaonywa mvua upesi, na mito ya kudumu haipatikani juu. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mabomba yalianza kuletwa katika miaka ya 1950. Safari hiyo ilikuwa na sauti zake: salamu za njiani, maji yakimiminwa kwa kata, nyimbo za kupunguza uchovu. Vivyo hivyo kinu. Wanawake wawili au watatu wakitwanga katika kinu kimoja, michi hupokezana kwa hesabu isiyokosea, na wimbo hukaa juu ya hesabu hiyo. Mahali palipofika mashine ya kusaga, hesabu ile huanza kusahauliwa, na wimbo uliojengwa juu yake hupoteza sakafu. Asiyeusikia mchi hataelewa kwa nini mwimbaji anapumua pale anapopumua. Hata upepo unaopiga ukingoni mwa uwanda, pale Shimo la Mungu, ni sehemu ya mahali. Mtafiti aukinge usiharibu maneno, kisha aunase peke yake.

Pamoja na kila sauti yaandikwe mambo haya: tarehe na saa, kijiji, jina la mwimbaji kama anavyotaka liandikwe, alijifunza wimbo kwa nani, lugha yake, maana katika wilaya hizi Kimakonde, Kiyao na Kimakua husikika jirani, maneno yote kwa lugha hiyo, na maana yake kwa Kiswahili, jina la kila ngoma na kazi yake. Tafsiri ifanywe hapo hapo, mbele ya mwimbaji. Wimbo mwingi husema jambo kwa mafumbo, na kamusi haijui kwamba ndege anayetajwa ni jirani fulani.

Ruhusa iombwe kabla ya mashine kufunguliwa. Katika jando na unyago mna nyimbo zisizosikizwa na asiyeingia, na katika ngoma ya mapiko mna siri ya barakoa na aliyeivaa. Mwenyeji akikataa, kukataa kwake ni habari ya kweli ya utafiti na kuandikwe hivyo. Akikubali kwa sharti, kwamba sauti isisikilizwe na watoto au isitangazwe, sharti hilo liandikwe juu ya sanduku lenyewe, si katika daftari litakaloachana nalo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 huzilinda sanaa za jadi, lakini heshima hutangulia sheria.

Mwisho ni utunzaji. Siku hizi simu ya mkononi yanasa vizuri kuliko pembe ya Weule, na kwa sababu hiyo hatari mpya ni wingi: maelfu ya sauti zisizo na majina, zinazopotea simu ikiharibika. Nakala zisipungue tatu, zikae mahali mbalimbali, na moja irudi kijijini, shuleni au kwa wazee. Nakala hiyo haikurudi mwaka wa 1906. Mjukuu wa aliyeimba siku ile, akitaka kumsikia babu yake, atafute sauti hiyo Ujerumani, tena bila hakika ya jina. Anayenasa leo anao uwezo wa kutomwachia mjukuu mwingine mzigo huo, na uwezo huo umo katika karatasi anayoijaza kabla hajaondoka uwanjani.