Kilo za Mwaloni Hazilipimi Ziwa

Wapo watu, mialoni na hata maofisini, wanaoamini kwamba maadamu mitumbwi inarudi imejaa, Ziwa Victoria nalo limejaa samaki. Hatuna budi kuipinga imani hiyo.

Mvuvi hatupi wavu ovyo. Huwafuata samaki waliko. Sangara wakiadimika karibu na Bukoba, huenda mbali hadi Bumbire na Goziba, wilayani Muleba. Huongeza nyavu, hufunga injini, hulala ziwani. Kwa juhudi hizo, kilo za kila mtumbwi zaweza kubaki zilezile hali samaki wanapungua. Kadhalika dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wakapatikana kidogo, hiyo si dalili kwamba wamekwisha.

Somo hili si geni. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa hili, akakuta ngege wanaonaswa katika kila wavu wamepungua sana, akashauri matundu yasiwe chini ya inchi 5. Sharti hilo lilipoachwa miaka ya 1950, nyavu za matundu madogo zilienea, na ngege wakazidi kutoweka.

Kwa hiyo maofisa wa uvuvi, waandikapo kilo, waandike pia idadi ya nyavu, ukubwa wa matundu, saa za kuvua na mahali. Ndugu zetu wa visiwani nao waseme kweli waulizwapo. Uamuzi ukijengwa juu ya hesabu potofu, watakaokosa kitoweo na karo ni watoto wao.