Usiku wa Ijumaa ni usiku gani?



Watoto wetu wengi wanasoma kwa Kiingereza skuli, Jumapili mpaka Alhamisi. Wakija darasani kwetu wanalichukua neno "night" na kulitia kwenye Kiswahili kama lilivyo, na "Friday night" inakuwa "usiku wa Ijumaa". Sarufi ni sawa kabisa, ila siku siyo. Mwambie bibi yako aliye Unguja kuwa mtampigia simu usiku wa Ijumaa, naye atakaa na simu yake Alhamisi baada ya magharibi. Nyinyi mkipiga siku ya pili yake, keshanuna.

Kwa Kiingereza siku mpya inaingia saa sita za usiku. Kwa wazee wetu inaingia jua likizama: usiku unatangulia, mchana unafuata. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa unaanza Alhamisi magharibi na kuishia Ijumaa alfajiri. Majirani zetu Waarabu nao wakisema "laylat al-jumaa" wana maana hiyohiyo.

Watoto, hili mnalijua tayari ila hamjaliona. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe tunaziswali usiku uleule, na kufunga ni kesho yake. Na usiku wa 27 tunauingia tukishafuturu funga ya 26.

Saa zetu pia zimetoka hukohuko. Jua likizama ni saa kumi na mbili, kisha tunaanza kuhesabu upya: saa moja ya usiku, saa mbili. Unguja iko karibu na ikweta, kwa hiyo hesabu hii haiachani sana na jua mwaka mzima. Hapa Maskati jua la Disemba linazama mapema kabla ya saa kumi na mbili, na la Juni linakaribia saa moja, ndiyo maana mtoto aliyezaliwa hapa anaona kama tumebuni tu.

Sasa useme nini? Ukitaka "Friday night" sema "Ijumaa usiku", jina la siku litangulie. Ukitaka usiku ulio kabla yake, sema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Hilo neno "kuamkia" ni zuri sana, maana linataja asubuhi mtakayoamka nayo na halimwachii mtu nafasi ya kubahatisha. Siku hizi wapo wengi, hasa vijana wa mijini kwetu, wanaosema "usiku wa Ijumaa" kwa maana ya kalenda. Sitabishana nao, lakini ukialikwa harusi au khitma kwa maneno hayo, uliza kwanza.

Mimi ni muuguzi, na hapa ndipo ninapowaomba wazazi wasikilize. Watoto wetu ndio wakalimani wa bibi na babu zao hospitali. Chukulia mzee ana upasuaji Jumatatu asubuhi, na ameambiwa kwa Kiingereza asile kitu "Sunday night" kuanzia saa sita. Mjukuu anamwambia: "Bibi, usiku wa Jumapili usile." Bibi anasikia Jumamosi kuamkia Jumapili. Anakaa na njaa usiku ule, pengine ana sukari, na Jumapili usiku anakula vizuri akijua ameshamaliza. Asubuhi upasuaji unaahirishwa. Mjukuu angesema "usiku wa kuamkia Jumatatu, ikifika saa sita usile tena mpaka ufanyiwe upasuaji," pasingekuwa na tatizo. Na juu ya hayo, andikeni tarehe kwenye karatasi.

Jengine ni "last night". Nimeshasikia "usiku wa mwisho", na hilo ukimwambia mzee atashtuka, atadhani kuna mtu anaaga dunia! Sema "jana usiku". Ukieleza jambo la usiku wa manane, kama homa iliyompanda mtoto saa tisa, "usiku wa kuamkia leo" linafaa zaidi.

Kazi ya nyumbani: mpigieni simu mzee mmoja, mumuulize usiku wa Ijumaa ni lini, kisha mumuulize kwa nini Jumatano ina tano ndani yake na Alhamisi nayo ni ya tano kwa Kiarabu. Msisahau kuwa Unguja wako nyuma yetu kwa saa moja. Majibu tutayasoma darasani wiki ijayo.