Je, Wajua? Lebo Moja Yaweza Kuifungia Tovuti

Je, wajua kuwa kwenye Linux programu inaweza kunyimwa faili hata kama mwenye faili ameiruhusu? Hiyo ndiyo kazi ya SELinux, ulinzi uliobuniwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na kutolewa bure kwa umma Desemba 2000.

Kila faili na kila programu hubandikwa lebo. Kwenye matoleo ya Linux ya Fedora na Red Hat, Apache, huduma ya chinichini inayopeleka kurasa za tovuti kwa wasomaji, huendeshwa kwa lebo httpd_t na husoma kurasa zenye lebo httpd_sys_content_t. Fundi akihamisha ukurasa kutoka folda yake binafsi kwa amri ya mv, faili huondoka na lebo yake ya zamani, user_home_t. Apache hukataliwa, na msomaji huambulia kosa 403, yaani hana ruhusa. Wengi hapo huzima ulinzi wote, jambo la hatari sana, ilhali amri moja, restorecon, hurudisha lebo sahihi. Kwa kawaida makatazo huandikwa kwenye faili la audit.log.

Simu za Android nazo zimo: tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, SELinux huzibana huduma zote za chinichini za simu hizo.