Usakinishaji wa Tesseract katika Mifumo Endeshi Mitatu na Athari Zake katika Uundaji wa Kongoo ya Kiswahili

Mtafiti anayeunda kongoo ya Kiswahili kutokana na machapisho ya karatasi huanza na picha. Ukurasa wa Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, hata ukipigwa picha safi kiasi gani, kwa kompyuta bado ni madoa meusi juu ya weupe. Kuyageuza madoa hayo kuwa herufi zinazoweza kutafutwa na kuhesabiwa ni kazi ya programu za utambuzi wa herufi. Mojawapo ya zile za bure na huria ni Tesseract, iliyobuniwa katika maabara za Hewlett-Packard kati ya mwaka 1985 na 1994, ikawekwa huria mwaka 2005, kisha ikaendelezwa kwa ufadhili wa Google kuanzia mwaka 2006. Programu hii haina vitufe vya kubofya. Huendeshwa kwa amri zinazoandikwa. Ni rahisi kwa tasnifu kuitaja kwa sentensi moja tu, kwamba matini "zilichakatwa kwa Tesseract". Makala hii inafafanua namna inavyosakinishwa katika Linux, macOS na Windows, na kwa nini sentensi hiyo moja haimtoshi mtahini.

Kwanza ieleweke kuwa Tesseract ina sehemu mbili zinazosakinishwa kila moja kivyake. Ya kwanza ni injini, yaani programu yenyewe. Ya pili ni data ya lugha, yaani faili lenye mafunzo ya kutambua maandishi ya lugha fulani. Data ya Kiswahili huitwa swa.traineddata. Injini bila faili hilo haijui Kiswahili.

Katika Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, amri moja inatosha kuleta sehemu zote mbili: sudo apt install tesseract-ocr tesseract-ocr-swa. Urahisi huo una gharama yake. Toleo linalopatikana hutegemea umri wa mfumo endeshi, si chaguo la mtafiti: Ubuntu 22.04 huleta toleo la 4.1.1, ilhali Ubuntu 24.04 huleta la 5.3.4. Watafiti wawili walioandika amri ileile, neno kwa neno, wanaweza kuwa na injini mbili tofauti.

Katika macOS, njia mojawapo ni Homebrew, ambayo sharti iwepo kwanza. Amri ya brew install tesseract huleta injini pamoja na data ya Kiingereza. Kiswahili huja baadaye kwa brew install tesseract-lang, ambayo huleta lugha zote kwa mkupuo. Anayeishia kwenye amri ya kwanza hudhani amemaliza.

Windows ndiyo inayosumbua zaidi. Kisakinishi kinachotumiwa na wengi hutayarishwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Mannheim, Ujerumani. Wakati wa kusakinisha, mtumiaji hulazimika kufungua orodha ya lugha za ziada na kukiwekea Kiswahili alama, la sivyo hakitaletwa. Programu huwekwa katika C:\Program Files\Tesseract-OCR, lakini folda hiyo haiongezwi yenyewe kwenye PATH, yaani orodha ya mahali ambapo Windows hutafuta programu. Matokeo yake ni kwamba mtumiaji huandika tesseract na kujibiwa kuwa amri hiyo haitambuliki, ilhali programu ipo. Dawa ni kuiongeza folda hiyo kwenye PATH kupitia mipangilio ya mfumo, kisha kufunga dirisha la amri na kufungua jipya, kwa kuwa dirisha lililokuwa wazi halisomi mabadiliko hayo.

Baada ya hapo, hatua ni zilezile kwa mifumo yote. Amri ya tesseract --version huonyesha toleo, na tesseract --list-langs huorodhesha lugha zilizopo. Kwa kuwa Tesseract haisomi PDF moja kwa moja, kurasa hugeuzwa kwanza kuwa picha, na nukta 300 kwa inchi ni kiwango kinachofaa. Ndipo huandikwa: tesseract ukurasa.png matokeo -l swa.

Herufi chache za mwisho wa amri hiyo ndizo zenye uzito. Ikiwa data ya Kiswahili haipo, programu hugoma na kusema haikuweza kulifungua faili. Hilo ni kosa jema, kwa kuwa linaonekana. Ikiwa mtumiaji amesahau kuandika -l swa, programu haigomi. Hutumia Kiingereza kimyakimya na kutoa matini inayofanana sana na Kiswahili, kwani alfabeti ni ileile. Makosa hujificha katika herufi mojamoja, na katika Kiswahili herufi moja ya kiambishi hubeba nafsi au ngeli: tofauti ya alisoma na ulisoma ni herufi ya kwanza tu. Anayehesabu viambishi vya upatanisho katika kongoo ya namna hiyo huenda anahesabu makosa ya mashine.

Lipo tatizo jingine lililofichika zaidi. Waendelezaji wa Tesseract hutoa data ya lugha katika hifadhi tatu: tessdata, tessdata_best na tessdata_fast. Ya pili inalenga usahihi na ni ya polepole. Ya tatu imepunguzwa ili iwe ya haraka, nayo ndiyo inayoletwa na Ubuntu na Homebrew. Katika zote tatu, faili la Kiswahili lina jina lilelile, na --list-langs huandika swa tu. Jina, basi, halithibitishi chochote.

Njia ya uhakika ni kupakua swa.traineddata kutoka hifadhi moja iliyochaguliwa, kuliweka ndani ya folda ya mradi, na kuielekeza programu huko kwa --tessdata-dir. Njia hii huwafaa pia wanaotumia kompyuta za chuo wasizo na mamlaka ya kuzibadilisha, ilimradi injini ipo. Alama ya utambulisho wa faili hupatikana kwa sha256sum katika Linux, shasum -a 256 katika macOS, na certutil -hashfile swa.traineddata SHA256 katika Windows. Alama zikifanana, data ni ileile. Sura ya mbinu ikitaja toleo la injini, hifadhi ya data, alama hiyo na amri kamili iliyotumika, mtahini mwenye picha zilezile anaweza kuirudia kazi kwenye kompyuta yake, hata kama mfumo endeshi wake ni mwingine.

Hayo yote yanahusu matini zilizopigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Tenzi zilizoandikwa kwa mkono kwa hati ya Kiarabu haziguswi na swa.traineddata, na data ya Kiarabu nayo haikufunzwa kwa Kiswahili. Kwa matini hizo, unukuzi wa mkono bado ndio njia ya kutegemewa.