Kupiga mbizi Ziwa Tanganyika: Hatari iko katika safari ya kurudi Sumbawanga

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MKAZI wa Majengo mjini Sumbawanga anayetamani kuiona dunia iliyo chini ya maji hana haja ya kuvuka bahari. Visiwa vidogo vya Kipili, vilivyoko katika mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, vimo ndani ya mkoa wake mwenyewe wa Rukwa.

Hata hivyo, safari hiyo ina hesabu yake, na sehemu ngumu ya hesabu hiyo ni saa ya kuondoka ziwani kurudi nyumbani. Mzamiaji aliyetoka majini asubuhi na kupanda gari mchana kurejea Sumbawanga anaweza kupatwa na maradhi yale yale yanayomkabili mtu anayetoka baharini na kukimbilia uwanja wa ndege. Maradhi hayo huleta maumivu makali ya viungo, ganzi, kupooza na, mara chache, kifo.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na namna ya kupanga safari ili jambo hilo lisitokee.

Ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika, linalomilikiwa na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, lina kina cha mita zipatazo 1,470 na ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Maji yake ya juu ni ya vuguvugu mwaka mzima, na pale yanapotulia huwa maangavu kiasi cha kumwezesha mzamiaji kuona mbali.

Kinachowavuta wageni ni samaki. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki walio jamii moja na perege na sato, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wapo wanaolea watoto wao mdomoni, na wapo wadogo wanaotaga mayai ndani ya makombe matupu ya konokono. Yupo pia kuhe, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo. Wengi wao huishi katika miamba isiyo na kina kirefu, hivyo mzamiaji wa kawaida anaweza kuwaona bila kushuka mbali.

Mwinuko unavyoubadilisha mwili

Mtu anapopumua hewa ya mtungi akiwa chini ya maji, mgandamizo wa maji huifanya gesi ya naitrojeni iliyomo hewani iyeyuke kwa wingi katika damu na misuli. Kila anaposhuka mita 10 hivi, mgandamizo huongezeka kwa kiasi kinachokaribia uzito wote wa hewa ulioko usawa wa bahari.

Akipanda juu taratibu, gesi hiyo hutoka kidogo kidogo kupitia mapafu. Akipanda kwa haraka, hugeuka mapovu ndani ya mwili, kama inavyotokea soda inapofunguliwa ghafla. Mapovu hayo ndiyo yanayoziba mishipa na kuumiza viungo, uti wa mgongo au ubongo.

Jambo ambalo mgeni wa fani hii anaweza kulisahau ni kwamba kutoka majini si mwisho wa kupanda. Naitrojeni iliyobaki huendelea kutoka mwilini kwa saa nyingi, na katika muda huo mzamiaji akienda mahali pa juu zaidi, mgandamizo wa hewa hupungua tena.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo wa hewa ni asilimia 91 hivi ya ule wa pwani. Mji wa Sumbawanga, juu ya nyanda za Ufipa, uko mita zipatazo 1,800, ambako mgandamizo hushuka hadi asilimia 80 hivi. Yaani gari linalopanda kutoka Kipili humwinua abiria zaidi ya mita 1,000 katika saa chache. Masikio yanayoziba na kuzibuka njiani ni ushahidi wa mabadiliko hayo.

Katika baadhi ya visiwa vya Karibi, ambako wazamiaji wengi wa Ulaya na Marekani hujifunzia, tatizo hili halijitokezi barabarani. Kilima kirefu kuliko vyote katika kisiwa cha Bonaire, Brandaris, hakifiki hata mita 250. Huko mzamiaji huiwazia ndege peke yake, wakati mzamiaji wa Ufipa hana budi kuuwazia pia mlima anaopanda kwa gari.

Saa za kusubiri

Mwaka 2002, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, Divers Alert Network, uliitisha mkutano wa wataalamu uliotoa mwongozo unaofuatwa na wengi hadi leo. Mwongozo huo unasema mtu aliyepiga mbizi moja ya kawaida asubiri walau saa 12 kabla ya kuruka. Aliyepiga mbizi kadhaa kwa siku, au kwa siku kadhaa mfululizo, asubiri walau saa 18. Aliyelazimika kusimama kwa muda njiani akipanda ili gesi imtoke anatakiwa kusubiri zaidi ya hapo.

Mwongozo huo uliwalenga wasafiri wa ndege ambazo hewa ya ndani yake ni sawa na ya mahali palipo kati ya mita 600 na 2,400 hivi. Sumbawanga imo ndani ya kiwango hicho, na mwili hautofautishi ndege na basi.

Kwa kuwa ziwa lenyewe tayari liko juu ya usawa wa bahari, busara ni kuzikamilisha saa 24.

Ratiba ya mwisho wa wiki

Hesabu hiyo inaweza kutoshea katika mapumziko mafupi, ilimradi siku zipangwe vyema. Ijumaa iwe siku ya kusafiri kupitia Namanyere hadi Kipili na kulala huko. Jumamosi asubuhi ipigwe mbizi ya kwanza, ifuatiwe na mapumziko marefu, kisha mbizi ya pili isiyo na kina kirefu, na vifaa viwekwe kando kabla ya saa 6 mchana.

Jumapili asubuhi ndipo penye mtego. Maji hutulia, mashua ipo, na msafiri hujiambia kuwa mbizi moja tu kabla ya kuondoka haina neno. Mbizi hiyo ndiyo ya kuiacha. Asubuhi hiyo inafaa kwa matembezi ya visiwani au kuogelea juu ya maji kwa miwani na mrija, kwani asiyepumua hewa ya mtungi hakusanyi naitrojeni ya kutia shaka. Safari ya kurudi ianze baada ya saa 6 mchana.

Anayetaka kupiga mbizi Jumapili aombe ruhusa kazini ya Jumatatu. Hakuna njia ya mkato.

Akiugua mtu

Dalili huweza kuanza dakika chache baada ya kutoka majini au saa kadhaa baadaye. Miongoni mwake ni maumivu ya bega, kiwiko au goti, uchovu usio wa kawaida, ganzi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu na kushindwa kukojoa.

Hapa pana jambo zito. Silika ya kila mtu ni kumkimbiza mgonjwa hospitali ya mkoa, lakini hospitali hiyo iko Sumbawanga, juu ya mwinuko ule ule unaoweza kuyakuza mapovu. Hatua ya kwanza ni kumlaza mgonjwa, kumpa oksijeni safi na, akiwa na fahamu zake, kumpa maji ya kunywa. Kisha wasiliana na daktari wa wazamiaji kwa simu ya dharura kabla ya kuamua apelekwe wapi na kwa njia gani. Asirudishwe majini kwa nia ya kumtibu.

Tiba kamili hufanyika ndani ya chumba maalumu cha mgandamizo, na Rukwa haina chumba hicho. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa chochote, muulize mwenye huduma maswali matatu: Je, mtungi wa oksijeni upo na umejaa? Chumba cha tiba kinachofanya kazi kiko wapi? Nani atagharimia ndege ya kumbeba mgonjwa? Bima ya kawaida ya afya isidhaniwe kuwa inagharamia jambo hili. Soma masharti yake.

Maandalizi mengine

Cheti cha awali cha uzamiaji humruhusu mtu kufika mita 18. Asiye nacho atenge siku kadhaa za mafunzo chini ya mkufunzi anayetambulika, na ajaze kwa ukweli fomu ya afya, hasa kama ana pumu, kifafa au maradhi ya moyo.

Ziwani mzamiaji hutumia taratibu za maeneo ya miinuko, si majedwali ya pwani. Kompyuta ya mzamiaji ihakikishwe kuwa inatambua mwinuko. Aidha, maji baridi huelesha kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo aliyezoea bahari apunguze vipande vya risasi kiunoni.

Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, na kuamsha mawimbi. Wakati wa masika, mito huweza kutia tope maji ya karibu na ufuko. Wavuvi wa Kipili na Kirando ndio wa kuulizwa kuhusu hali ya maji na mahali wanapoonekana mamba na viboko. Kichocho nacho kipo katika sehemu za ziwa hili, hivyo epuka maji ya kina kifupi yenye majani na konokono.

Kwa wanaokwenda pwani

Kanuni hiyo hiyo inamhusu mkazi wa Sumbawanga anayechagua kisiwa cha Mafia, chenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Atakuwa na ndege ya kutoka Kilindoni, pengine nyingine ya kwenda Mbeya, kisha barabara ya kurudi Ufipa. Saa 24 zihesabiwe kabla ya ndege ya kwanza, si ya mwisho.

Kwa vyovyote vile, msafiri aanze kwa kuandika saa ya kuondoka, arudi nyuma saa 24, na hapo ndipo aweke mbizi yake ya mwisho. Mengine yote ya safari yapangwe baada ya hapo.