Uyoga Mweupe wa Porini: Chimba, Usikate

Mvua zikianza, akina mama na watoto wa maeneo ya miombo huingia porini kutafuta uyoga. Ni kitoweo kinachopatikana wakati akiba ya ghalani imepungua na mahindi mapya bado yako shambani. Hatuwezi kuwaambia watu wauache. Tunaloomba kamati za parokia ni kuwafundisha kuutambua.

Uyoga mweupe unaopendwa zaidi ni ule wa kichuguu. Huu haulimwi bandani kama mamama, kwani mchwa ndio wanaoutunza ndani ya kiota chao. Shina lake huendelea ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota. Kofia huwa na kinundu katikati, na vile vikunjo vyembamba vya chini yake, vyeupe mwanzoni, hugeuka waridi hafifu ukikomaa. (Ule mdogo mdogo unaoota kwa wingi juu ya kichuguu hauna mzizi huo mrefu.)

Uyoga wa hatari wa jamii ya Amanita nao unaweza kuwa mweupe. Vikunjo vyake kwa kawaida hubaki vyeupe, shina mara nyingi lina pete, na chini kabisa kuna kifuko kilichofukiwa na udongo. Anayekata kwa kisu huiacha alama hiyo ardhini! Kweli, wazee wa miombo wanajua aina za Amanita zinazolika, lakini hilo si somo la anayeanza.

Upo pia ule unaoota kwenye majani karibu na nyumba. Ukiwa mchanga ni mweupe na unavutia. Weka kofia iliyokomaa juu ya karatasi nyeupe, funika kwa bakuli usiku kucha. Ukikuta unga wa kijani, tupa.

Kuchemsha na sarafu ya fedha, kitunguu kisichobadilika rangi, au uyoga kuliwa na wadudu, yote hayo si kipimo. Sumu kali ya Amanita haiishi kwa kupikwa. Kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha mgonjwa huonekana amepata nafuu huku ini likiharibika. Hapo ndipo familia nyingi hukata shauri la kubaki nyumbani. Mpelekeni hospitali mara moja, na mbebe mabaki ya uyoga aliokula.